Ndege ya Skimmer na namba nne zilizosahaulika

Ndani ya GTA San Andreas ya kompyuta kuna faili la maandishi liitwalo vehicles.ide. Ukilifungua kwa Notepad unakuta kila gari, boti na ndege ya gemu ile imepewa mstari wake: namba ya utambulisho, jina la umbo, jina la picha zinazolivika umbo hilo, aina ya chombo, na kuelekea mwishoni ukubwa wa matairi ya mbele na ya nyuma. Chombo namba 459 ni topfun, lile gari la kubebea vidude vya rimoti. Mstari wake unaishia na namba nne: -1, 0.7, 0.7, -1. Namba 460 ni Skimmer, ndege ndogo inayotua majini. Kwenye mstari wake namba hizo nne hazipo.

Kwa miaka karibu 20 hilo halikumsumbua mtu. Skimmer iliruka na kutua kama kawaida. Mwishoni mwa 2024 watu wakaanza kupata toleo la Windows 11 liitwalo 24H2, na Skimmer ikatoweka. Unafika gatini inapokaa siku zote, hakuna kitu. Mchezaji akiiita kwa programu ya pembeni na kupanda, anarushwa angani umbali wa mita ambazo ukiziandika zinafika tarakimu 32.

Aliyefuatilia mpaka akafika kwenye mzizi ni mpenzi wa gemu anayejulikana kwa jina la Silent, mtengenezaji wa kiraka kiitwacho SilentPatch. Aprili 2025 alichapisha maelezo yake kamili, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa maandishi bora ya ufundi wa gemu kuwahi kutolewa na mtu asiyelipwa na kampuni husika.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika GTA Vice City ya 2002, Skimmer iliandikwa kama boti. Boti haina matairi, kwa hiyo mstari wake haukuhitaji namba za matairi. San Andreas ilipotengenezwa, Skimmer ikahamishiwa kundi la ndege, na ndege zinatakiwa kuwa na namba hizo. Neno "boat" likageuzwa kuwa "plane", lakini namba hakuna aliyeziongeza. Gemu inaposoma faili, kila mstari unamwagwa kwenye sehemu ya muda ya kumbukumbu, ile waandishi wa programu wanayoiita staki. Namba isipokuwepo kwenye mstari, gemu haiweki sifuri wala haipigi kelele. Inachukua chochote kilichobaki pale. Ni sawa na mwanafunzi anayekopi ubaoni hesabu ya kipindi kilichopita kwa sababu mwalimu hakufuta. Kilichokuwa kimebaki ni 0.7 ya topfun, iliyosomwa punde tu kabla yake. Kwa hiyo miaka yote hiyo Skimmer iliruka kwa vipimo vya matairi ya gari la jirani.

Windows ya 24H2 ilibadilisha jambo dogo. Kati ya kusoma mstari mmoja na mwingine, mfumo endeshi hufunga na kufungua kufuli linalolinda faili. Kazi ya kufungua kufuli hilo sasa inatumia eneo kubwa zaidi la staki, na katika kufanya hivyo inaandika juu ya ile 0.7. Skimmer ikapewa takataka badala ya kipimo, hesabu ya urefu wa springi zake ikalipuka, na ndege ikapaa hadi pasipofikika. Microsoft haikuharibu kitu. Kosa lilikuwa la watengenezaji wa gemu tangu mwanzo, na lilifichwa na bahati.

Dawa yake ina njia mbili. Unaweza kuongeza mwenyewe namba nne mwishoni mwa mstari wa Skimmer, ukahifadhi faili, basi. Au unaweka SilentPatch, ambayo inahakikisha namba zinazokosekana zinapewa thamani inayoeleweka kabla gemu haijazitumia. Njia ya pili ni bora, maana inatibu usomaji wenyewe: hata ukiongeza ndege nyingine yenye mstari pungufu, haitakuletea msiba uleule.

Nimeanza na ndege hii kwa sababu inatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Ukipita kwenye maduka ya kompyuta Mwanjelwa jijini Mbeya, au Miyomboni pale Iringa, mashine nyingi zinazouzwa ni used: Dell na HP zilizokwisha kufanya kazi maofisini kwa watu, zenye RAM ya GB 4 na bila kadi ya michoro ya peke yake. San Andreas ilitoka kwa PlayStation 2 Oktoba 2004 na kwa kompyuta Juni 2005. Kwa kiwango cha chini iliomba prosesa ya GHz 1, RAM ya MB 256 na nafasi ya GB 3.6 kwenye diski. Mashine yoyote utakayookota dukani inaibeba. Ndiyo maana gemu ambayo kwingine inahesabiwa kuwa ya kale, kwetu ni gemu ya leo, na makosa yake ni makosa ya leo. Sasa Microsoft imesitisha huduma ya Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, wenye mashine zinazokubali wanahamia Windows 11, na ndege zao zinapotea bila wao kujua kisa.

Makosa mengine yalitokana na uhamishaji wenyewe. PlayStation 2 ni mashine moja isiyobadilika. Mtengenezaji anajua gemu yake itachora picha zisizozidi 30 kwa sekunde, na anaweza kupanga mahesabu ya mwendo juu ya dhana hiyo. Kompyuta haina dhana hiyo. Mmoja anapata picha 20, mwingine 100. Kanuni ya kazi nzuri ni kuzidisha kila mwendo kwa muda uliopita tangu picha iliyotangulia, ili kasi ya kitu isitegemee nguvu ya mashine. Katika San Andreas ya kompyuta hesabu nyingi zilirekebishwa hivyo, lakini si zote. Ukizima Frame Limiter, kidhibiti cha idadi ya picha kwa sekunde, kwenye menyu ukiwa na mashine yenye nguvu, CJ, mhusika mkuu, akiingia majini anapiga mbizi na kuogelea kwa kujikokota, na magari yanabadilika tabia. Ukiiwasha, gemu inashuka hadi karibu picha 25 kwa sekunde, chini hata ya ile 30 iliyokusudiwa. Mashabiki wamepita sehemu moja baada ya nyingine wakirekebisha hesabu zilizosahauliwa. SilentPatch inabeba baadhi, na kiraka kiitwacho Framerate Vigilante kinabeba nyingine. Kwa mwenye mashine ya kawaida, ushauri wangu ni kuacha Frame Limiter ikiwa imewashwa.

Ugonjwa huo hauko San Andreas peke yake. Dark Souls ilipofika kwenye kompyuta Agosti 2012, picha yake ya ndani ilifungwa kwenye nukta 1024 kwa 720 hata kama skrini yako ni kubwa kiasi gani, na mwendo ulifungwa kwenye picha 30. Peter Thoman, ajulikanaye kwa jina la Durante, alitoa kiraka cha DSfix ndani ya siku ileile. Namna alivyokifanya inafaa kutazamwa kwa karibu, maana modi nyingi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki, zimefuata njia hiyo. Hakugusa faili la gemu. Alitengeneza faili lenye jina lilelile la maktaba mojawapo ya Windows ambayo gemu huiita, akaliweka ndani ya folda ya gemu. Windows ikitafuta maktaba hiyo huanza kwenye folda ya gemu, kwa hiyo inamkuta Durante kwanza. Gemu inaposema "nipe turubai la 1024 kwa 720", faili lake linapokea ombi, linabadilisha vipimo kwa vile ulivyoandika kwenye DSfix.ini, kisha linalipeleka kwa maktaba halisi. Hutaki tena? Futa faili, gemu inarudi ilivyokuwa. Baadaye mashabiki walipofungua mwendo kufika picha 60, wachezaji wakaanza kupenya sakafu wakishuka ngazi kwa kuteleza. Hesabu zilezile za mwendo, kosa lilelile.

Kwetu modi inayotafutwa zaidi ni ya magari na sura, si ya kurekebisha makosa. Mtu anataka Land Cruiser, anataka basi lenye rangi za kampuni ya njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Hamu hiyo naielewa na naiunga mkono, lakini inafanywa bila kujua gemu inabeba nini. San Andreas haipakii jiji zima kwa mara moja. Inavuta vipande kutoka faili la gta3.img kadiri unavyosogea, na eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa kazi hiyo ni kama MB 50 tu, hata kompyuta iwe na GB 16. Gari la asili lilichorwa kwa uchoyo mkubwa ili lienee humo. Ukiweka magari kumi yenye picha nzito za kupakuliwa, eneo linajaa, na gemu inakosa nafasi ya barabara. Kila aliyecheza gemu iliyojazwa magari mapya analijua tukio hili: unakimbiza gari, mara lami inayeyuka mbele yako na unaning'inia juu ya utupu. Watu wanalaumu RAM, wanaambiwa waongeze, wanatoa hela. RAM haikuwa na kosa.

Jambo la pili linalowaumiza watu ni toleo la gemu. Juni 2005 Mholanzi Patrick Wildenborg alitoa modi iliyofungua sehemu ya mapenzi iliyokuwa imefichwa ndani ya gemu, sakata lililoitwa Hot Coffee. Julai, bodi ya Marekani inayopanga umri wa wachezaji ikaihamishia kundi la watu wazima pekee. Rockstar ikatoa matoleo mapya yaliyoziba pale na kuzuia modi nyingi kwa pamoja. Modi za aina ya ASI na CLEO, zinazobeba msimbo badala ya picha, huandika moja kwa moja mahali fulani kwenye kumbukumbu, na mahali hapo pamesogea kutoka toleo la 1.0 kwenda lingine. Modi ya 1.0 ikiwekwa kwenye toleo jingine inaandika penye kitu kingine, na gemu inaanguka ikifunguka. Ongeza na zile nakala zilizobanwa zinazozunguka kwa flash ili kuokoa bando, zilizonyofolewa redio na sauti za wahusika. Hapo hata fundi anaweza kushindwa kukuambia kwa uhakika una toleo gani.

Kwa hiyo kipimo changu cha modi nzuri hakianzii kwenye uzuri wa picha. Nauliza kama imeacha mafaili ya asili salama, kama inaondoka kwa kufuta folda moja, na kama mwenyewe ameeleza alichobadilisha. Programu ya Mod Loader inakidhi hayo mawili ya kwanza: kila modi inakaa kwenye folda yake, na gemu inadanganywa isome humo badala ya gta3.img. Kitserver ya PES 2013 inafanya kazi kwa mantiki hiyohiyo upande wa mpira. Anayetaka kuiingiza Mbeya City na jezi yake ya zambarau, ile iliyoshika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu 2013/14, au Lipuli ya Iringa iliyocheza fainali ya Kombe la FA na Azam 2019, anaweka picha za jezi kwenye folda na kuitaja timu kwenye map.txt. Konami, watengenezaji wa PES, hawakuwahi kuzileta timu hizo. Toleo lao la eFootball 2022 lilitoka Septemba 30, 2021 likiwa na nyuso zilizopinda kiasi kwamba kampuni iliomba radhi siku iliyofuata.

Mwaka huohuo ulitoa somo la upande wa pili, wa kampuni dhidi ya mashabiki. Septemba 2021 Take-Two, kampuni mama ya Rockstar, iliwashtaki California mashabiki waliokuwa wameandika upya msimbo wa GTA III na Vice City chini ya jina re3, mradi uliorekebisha makosa mengi ya matoleo ya kompyuta. Novemba 11 ikauza yake, Definitive Edition ya gemu hizo mbili na San Andreas, iliyojengwa juu ya matoleo ya simu, picha zikiwa zimekuzwa kwa akili unde. Kwenye duka la maandazi la Tuff Nut ndani ya San Andreas kulikuwa na nati kubwa ya pembe sita, utani wa jina la duka. Toleo jipya liliilainisha ikawa duara. Ni kana kwamba aliyefanya kazi ile hakujua anatazama nati. Rockstar iliomba radhi Novemba 19 na kuyarudisha sokoni matoleo ya zamani, yaleyale ambayo mashabiki walikuwa wakiyatibu.

Kosa la Skimmer ni somo la mwaka wa kwanza kwa anayesoma uandishi wa programu: usitumie namba kabla hujaipa thamani. Walimu wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) jijini Mbeya wangeweza kulifundisha kwa vehicles.ide na wanafunzi wasingelisahau. Na vijana wa Mwanjelwa na Miyomboni wanaowawekea wateja modi wana ujuzi ambao haujaandikwa popote. Unahama kwa flash, faili bila maelezo, na anayefuata anaanza upya. Ombi langu kwao ni dogo. Kila modi unayoipitisha kwa mwenzio, weka ndani yake faili moja la maandishi kwa Kiswahili: toleo la gemu uliyoijaribia, faili ulilogusa, mstari uliobadilisha, na namna ya kurudisha kama mwanzo.