Ukiusikia Mpira, Picha Imekupita

Picha ya tenisi inayouzika inajulikana: mpira umebonyea kwenye nyuzi za raketi, macho ya mchezaji yameukazia, mkono umenyooka. Wengi wetu tukiiona tunaisifu kamera. Tunadhani siku hizi mashine inafyatua fremu chungu nzima kwa sekunde, mpiga picha anachagua tu. Hesabu haikubali.

Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa milisekunde 4 au 5 hivi. Kamera ya fremu 20 kwa sekunde inaacha mwanya wa milisekunde 50 kati ya fremu moja na nyingine. Ukibonyeza na kushikilia tu, bahati yako ya kuukuta mpira kwenye nyuzi ni kama moja kwa kumi. Fremu ya kwanza inauonyesha ukiwa bado mita nzima kutoka kwenye raketi, na ya pili umeshakwenda zake. Sony a9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inafikisha fremu 120 kwa sekunde. Mwanya unashuka hadi milisekunde 8 na ushei, na hata hapo ni nusu kwa nusu. Halafu kuna mhariri anayetaka picha kabla seti haijaisha; nani atazipekua fremu zote hizo?

Kwa hiyo kazi inabaki kwa kidole, nacho kina udhaifu wake. Tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze inapita karibu moja ya tano ya sekunde. Sikio ndilo baya zaidi: ukikaa mita 20 kutoka kwa mchezaji, mlio wa mpira unakufikia baada ya milisekunde 58. Ukibonyeza kwa kusikia, umeshachelewa zaidi ya mara kumi ya muda ambao mpira unakaa kwenye nyuzi. Wenye uzoefu wanausoma mwili: bega limegeuka, mguu wa mbele umekanyaga, raketi imeanza kushuka. Hapo ndipo wanapobonyeza, kabla ya tukio lenyewe. Roger Federer aliwarahisishia kazi, maana kichwa chake kilibaki kimetulia kwenye sehemu ya mpigo hata mpira ukishaondoka. Wengine hawana huruma hiyo.

Kwa mfano, tuitazame fainali ya Roland Garros ya 2020, Rafael Nadal dhidi ya Novak Djokovic. Mashindano yalikuwa yamesogezwa kutoka Mei hadi vuli kwa sababu ya korona, watazamaji hawakuzidi 1,000 kwa siku, na paa jipya la uwanja wa Philippe-Chatrier lilifungwa.

Kwanza, ukae wapi? Mchezaji wa mkono wa kulia kama Djokovic akipiga fohendi hufungua kifua upande wake wa kulia; wa kushoto kama Nadal, upande wake wa kushoto. Kwa kuwa wamesimama wakitazamana, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake. Matokeo yake ni matamu kwa mpiga picha: ukikaa pembeni, fohendi zote mbili zinakuelekea katika michezo ileile. Wakibadilishana pande, unapata bekihendi zote mbili, bila kunyanyuka. Wangekuwa wote wa mkono wa kulia, ungepata fohendi ya mmoja na bekihendi ya mwingine.

Pili, mwanga, na hapa ndipo siku ile ilipokuwa ngumu. Mpira wa kuanzishia ukitoka kwa kilomita 200 kwa saa, unasafiri sentimita 5.6 ndani ya 1/1000 ya sekunde, karibu upana wake wote. Kwenye jua unakwenda 1/4000 na mpira unaganda. Chini ya paa, anayeng'ang'ania kasi hiyo anapandisha ISO na kukubali chengachenga, au anafungua lenzi hadi f/2.8. Lakini lenzi ya milimita 400 ikifunguliwa hivyo, kwa mchezaji aliye mita 15, sehemu iliyo kali ni kama robo mita tu. Jicho likiwa kali, mpira ulio mbele ya mkono ulionyooka unaweza kufifia. Mimi ningechagua jicho. Viti vitupu vyenye giza nyuma navyo hudanganya kipima mwanga, kikamwunguza mchezaji aliyevaa rangi nyepesi. Afadhali kuweka mwanga kwa mkono.

Na vumbi la udongo mwekundu, ambalo kwenye jua la jioni hung'aa nyuma ya viatu, chini ya paa si kitu.

Nadal alishinda 6-0, 6-2, 7-5, akamaliza kwa mpira wa kuanzishia ambao Djokovic hakuugusa, kisha akapiga magoti. Kwa aliyekaa karibu, milimita 400 hapo ni nyingi mno, inakata mikono. Ndiyo maana kamera ya pili, yenye lenzi ya milimita 70 hadi 200, huwa imeshawekwa tayari mapajani tangu pointi ya ubingwa inapoanza.