Pua ya Fundi Friji

Friji ikiacha kugandisha, mafundi wengi wa Kariakoo wana jibu moja: "Gesi imeisha." Wanajaza, unalipa, na baada ya wiki tatu unarudi. Lakini gesi ya friji haiishi kama mkaa. Mabomba yakiwa mazima, gesi ileile huzunguka miaka na miaka. Ikipungua, imetorokea mahali. Fundi ninayemheshimu ana kibanda Jangwani, upande wa kuteremkia bonde la Msimbazi, na hagusi mtungi kabla hajaliona tundu.

Kwanza husoma kibandiko cha kompresa: R22, R134a au R600a? Pua ya kunusia huchaguliwa hapo. Mafundi wa zamani walitumia taa ya moto, ambayo mwali wake hugeuka kijani gesi yenye klorini inapogusa shaba iliyopata moto. R22 ilikamatika, R134a haina klorini, kwa hiyo ilipita bila kuonekana. Na R600a ni isobyuteni, ndugu wa gesi ya kupikia. Kuitafuta kwa moto ni kujitafutia msiba. Tangu makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za jamii ya R134a, R600a ndiyo atakayozidi kuikuta. Basi ana vifaa viwili vya betri: kimoja cha gesi zisizowaka, kingine kilichoundwa kwa zile zinazowaka. Wauzaji husifia kinacholia upesi. Yeye hakiamini, maana hulia hata kwa marashi ya mteja na gundi ya fundi viatu jirani.

Friji yangu ilikuwa ya R600a. Alizima pangaboi, akazima na friji, akaiacha itulie. Ikiwa inanguruma, alinieleza, msukumo wa upande wa baridi waweza kuwa chini ya ule wa hewa ya nje, na tundu hufyonza hewa badala ya kutoa gesi. Kifaa alikiwasha nje ya kibanda. Kikiwashiwa ndani ya wingu la gesi hulichukulia kuwa ndiyo hewa ya kawaida, kikanyamaza.

Halafu mkono. Sentimita mbili, tatu kwa sekunde, ncha ikilifuata bomba bila kuligusa, tena kwa chini yake, kwa kuwa gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Miguu yangu ilichoka kusimama. Mkono ule haukuongeza mwendo.

Kilipolia, aliondoa ncha, akangoja, akarudi. Mara tatu, palepale. Ndipo akachukua brashi na povu la sabuni (vifaa vyote vile, na neno la mwisho ni la sabuni! Nilicheka peke yangu). Kwenye sakafu ya sehemu ya kugandishia, juu ya mkwaruzo mwembamba, kipovu kilivimba, kikapasuka, kingine kikaanza.

"Kaka, hii barafu huwa mnaibandua na kisu?"

Nikatoa simu, nikajifanya nasoma ujumbe.