Nani Amekaa Kati ya Simu na Laini?

Muguka unaochumwa asubuhi huko Mbeere, Embu, na miraa inayofungwa Maua na Laare, Meru, ni bidhaa zisizosubiri. Nguvu yake hupungua ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo gari huondoka siku hiyo hiyo, na mnunuzi aliye Mombasa au Eastleigh humlipa kwa M-Pesa mkulima ambaye huenda hajawahi kumtia machoni. Kwa wengi wa wakulima hao simu yenyewe ni kabambe ya vitufe. Kilichotengenezwa ndani ya kabambe hiyo mahususi kwa kazi ya kutunza siri ni kimoja tu: laini.

Ndiyo maana mzozo wa mwaka 2014 wa laini nyembamba, yaani chipu inayobandikwa juu ya laini ya kawaida, unaokumbukwa kama vita vya biashara kati ya Safaricom na benki ya Equity, unastahili kusomwa upya kama suala la usalama wa kompyuta. Swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa zito, na jibu lililotolewa halikulitosha.

Tuanze na laini. Chipu yake ni kompyuta kamili, yenye kichakataji, kumbukumbu na programu zake. Ndani yake mna ufunguo wa siri wa biti 128, na kampuni ya simu ina nakala kwenye mitambo yake. Simu inapojiunga na mtandao, kampuni hutuma namba ya kubahatisha. Chipu huichanganya na ufunguo kisha hutoa jibu, na kampuni hupiga hesabu hiyo hiyo upande wake ili kulinganisha. Ufunguo wenyewe hautoki nje. Simu haiujui, na mwenye laini haujui pia. Aliyeisanifu chipu hii alitaka isimwamini mtu yeyote anayeishika, hata aliyeinunua.

Ulinzi huo umewahi kuvunjwa. Mwaka 1998 watafiti nchini Marekani, wakiwemo Ian Goldberg na David Wagner, walionyesha kwamba hesabu ya COMP128, iliyotumiwa na kampuni nyingi, ilifichua ufunguo baada ya chipu kuulizwa maswali kama 150,000 hivi, kazi ya saa chache. Mwaka 2013 Karsten Nohl wa Berlin akaonyesha kwamba laini zilizokuwa bado zinategemea usimbaji wa zamani wa DES zingeweza kutekwa kwa ujumbe mfupi usioonekana na mwenye simu. Mara zote mbili tiba ya kudumu ilikuwa kubadilisha hesabu ndani ya chipu. Laini nyembamba ilileta tatizo ambalo hesabu ya ndani ya chipu haiwezi kulitibu.

M-Pesa ya Safaricom ilipozinduliwa tarehe 6 Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya laini, ili simu ya bei ya chini kabisa iweze kuitumia. Hebu fuatilia kinachotokea mtu anapotuma pesa. Anachagua kutuma pesa. Simu inaiarifu laini kwamba kitu fulani cha menyu kimechaguliwa. Laini inajibu kwamba ina agizo; simu inalichukua, na agizo linasema: onyesha maneno haya, kisha niletee atakachoandika. Inakwenda hivyo kwa namba ya mpokeaji, kwa kiasi, na mwisho kwa namba ya siri. Mtumaji anabonyeza tarakimu nne, simu inazipokea na kuipa laini. Hapo ndipo laini inazisimba na kuzituma kama ujumbe mfupi. Kuanzia hapo hadi kwenye seva, anayezinasa njiani hapati maana. Lakini hatua moja kabla ya hapo, zikivuka kutoka kwenye simu kwenda kwenye chipu kupitia vile vibati vya rangi ya dhahabu, tarakimu hizo huwa wazi, hazijasimbwa hata kidogo.

Mwaka 2007 hilo halikuwa kosa. Njia hiyo ni fupi mno, imo ndani ya simu iliyofungwa, na hapakutarajiwa mtu wa kukaa hapo.

Mwaka 2014 akapatikana. Kampuni ya Finserve, tanzu ya Equity, ilipewa leseni ya kutoa huduma za simu kwa kutumia mitambo ya Airtel. Ikachagua laini ya kampuni ya Taisys ya Taiwan, utando wenye chipu na unene wa takriban milimita 0.1, unaobandikwa juu ya laini uliyo nayo. Mteja angebaki na namba yake ya Safaricom na kupata ya Equitel, huduma ya simu ya Equity, kwenye kabambe yenye tundu moja la laini. Kwa mkulima wa Igembe, Meru, asiyetaka kununua simu nyingine, wazo lilikuwa zuri sana.

Safaricom ilipinga, ikisema kwamba utando huo ungeweza kusoma namba za siri za wateja wa M-Pesa. Ilikuwa na kila sababu ya kibiashara kusema hivyo, maana ndiyo iliyolitawala soko. Kiufundi, hata hivyo, ilisema kweli. Kila kinachotoka kwenye simu kwenda kwenye laini hupita kwanza kwenye chipu ya utando. Chipu hiyo ikiandikiwa programu mbaya, inaweza kuzikariri zile tarakimu nne, kisha baadaye ikaiarifu laini ya chini kwamba menyu imechaguliwa, ikajibu maswali yote yenyewe na kuidhinisha malipo. Laini ingetii, kwa sababu haina njia ya kutofautisha kidole cha mwenye simu na chipu iliyoketi mgongoni mwake. Ufunguo usingeibwa. Usingehitaji kuibwa.

Sisemi kwamba laini ya Equity ilifanya hivyo. Benki hailei wizi dhidi ya wateja wake, na mpinzani kuwa na sababu ya kulalamika si ushahidi. Mwezi Septemba 2014 Mamlaka ya Mawasiliano iliruhusu laini nyembamba kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwananchi mmoja alikwenda Mahakama Kuu Nairobi akidai kwamba faragha yake ingekiukwa, na mwaka 2015 ombi lake likatupwa. Miongoni mwa mengine, mahakama iliona kwamba kulikuwa na njia nyingine za kisheria alizopaswa kuzifuata kwanza.

Wengi waliuona uamuzi wa Mamlaka kama ushindi wa mteja dhidi ya kampuni kubwa. Kuhusu bei na ushindani, nakubaliana nao. Kuhusu usalama, sikubali hata kidogo. Chipu inayopokea maagizo mapya hewani inaweza kuwa na adabu mwaka mzima wa majaribio na kubadilishiwa programu siku inayofuata. Kuitazama kwa mwaka mmoja kunathibitisha tabia ya mwaka huo tu. Kilichokosekana ni njia ya seva ya M-Pesa kuuliza, kabla ya kupokea ombi la malipo: kati ya simu na laini yuko nani, na anaendesha programu gani?

Upande wa kompyuta za mezani na za mapajani, swali hilo limeshughulikiwa kwa muda mrefu. Muungano wa Trusted Computing Group, ulioundwa mwaka 2003, unasimamia viwango vya chipu ya TPM. Kompyuta inapowaka, kila programu ya kuiwasha hupimwa kabla ya kuendeshwa, na alama yake hurekodiwa ndani ya chipu hiyo. Aliye mbali anaweza kuomba rekodi hiyo ikiwa imetiwa saini na chipu, akaamua kama ataiamini mashine au la. Lakini hata huko udhaifu wa njia ulijitokeza. Mwaka 2019 Denis Andzakovic wa New Zealand aliunganisha nyaya kwenye ubao wa kompyuta na kunasa ufunguo wa diski ukitoka kwenye TPM kwenda kwenye kichakataji. Mwaka 2024 mtafiti mwingine alifanya hivyo kwa chini ya dakika moja, akitumia kifaa cha bei isiyofika dola 10. Chipu haikuvunjwa. Ilitoa siri kwa utaratibu wake halali, na msikilizaji alikuwa amekaa katikati.

Tiba ya njia ya laini ipo kwenye karatasi tangu zamani. Taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, iliandika kiwango TS 102 484 cha kusimba mazungumzo kati ya laini na simu. Kinahitaji simu na laini zote mbili zikielewe, na kabambe za sokoni hazikukingoja. Laini za kielektroniki zinazochomelewa ndani ya simu zitaondoa nafasi ya kubandika utando, ila bado hazijamfikia mkulima wa Kiritiri, Mbeere.

Wezi nao hawakusubiri mjadala uishe. Walikwenda pale mtu anaporejeshewa laini iliyopotea. Laini mpya huja na ufunguo wake mzima. Anayeiunganisha na namba yako ni mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Akidanganywa au akihongwa, ulinzi wote wa chipu sasa unamtumikia mwizi, na namba ya siri huombwa kwa njia ya simu na sauti yenye upole. Safaricom ina msimbo wa *100*100# unaozuia laini kurejeshwa na wakala, mpaka mwenyewe afike kwenye duka la Safaricom. Naomba kila mwenye kufanya biashara ya shamba kwa simu aubonyeze leo.

Tukirudi kwenye njia kati ya simu na laini, kazi ya kuipima inaweza kufanyika karibu. Kifaa cha SIMtrace cha mradi huria wa Osmocom hukaa kati ya simu na laini na kuandika kila baiti inayopita. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu vyote viko jirani na wakulima ninaowazungumzia. Mamlaka ingeweza kuviagiza, pamoja na maabara huru, kupima kila chipu inayoombewa leseni na kila toleo jipya la programu yake, kisha kuchapisha matokeo yote. Mwalimu anaweza kuanza na kabambe yake mwenyewe na namba ya siri atakayoibadilisha jioni hiyo hiyo, ili wanafunzi wazione zile tarakimu nne zikipita wazi.