Pongezi kwa Panzi

Hospitali ya Panzi, mjini Bukavu, ilifunguliwa mwaka 1999 ili kuwazalisha akina mama. Lakini mgonjwa wake wa kwanza hakuja na uchungu wa uzazi: alikuwa amebakwa na kupigwa risasi. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, bunduki na ubakaji hutembea pamoja, na Dkt. Denis Mukwege, mwanzilishi wa Panzi, na wenzake walilijua hilo mapema. Mwaka 1996 wagonjwa wao waliuawa vitandani, katika hospitali ya Lemera walikokuwa wakifanya kazi.

Ninachowapongezea si ustadi wa kushona fistula tu, ingawa huo pekee ungetosha. Panzi humpa mwanamke daktari, mshauri nasaha, mwanasheria, na kazi ya kuanzia maisha. Kisha hupaza sauti. Septemba 2012 Mukwege alisimama Umoja wa Mataifa akalaani wahalifu kuachwa bila adhabu. Oktoba watu wenye silaha wakavamia nyumba yake na kumuua mlinzi wake. Akakimbilia Ulaya. Wanawake wa Kivu, maskini kama walivyo, wakauza mananasi na vitunguu kumchangia nauli, naye akarudi Januari 2013. Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2018 ni kubwa, lakini kwangu mananasi yale yana uzito zaidi.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili Kongo, kati ya 1993 na 2003. Panzi inadai mahakama ya kimataifa ya kuwahukumu wahusika wa ukatili huo. Haijaundwa hadi leo.