Sifa za Asiyekimbilia -O0

Programu ya C ikitembea vizuri kwenye -O0, yaani bila uboreshaji, halafu ikagoma ukipandisha ngazi ya uboreshaji, neno la kwanza mdomoni ni kwamba kompaila ni mbovu. Mara chache ni kweli. Mara nyingi kosa lilikuwamo tangu mwanzo, -O0 ikawa inalisitiri.

Tuseme fundi yuko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, wilayani Kasese, Uganda, anaunda kipima mvua cha kutahadharisha mafuriko. Faida yake haihitaji maelezo Kasese: Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2020, na Kilembe wanajua uliwaachia nini. Ndani ya kifaa mna kikombe cha pande mbili. Upande mmoja ukijaa kinapinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, katizo linaingia, na chipu ya ATmega328P inaongeza moja kwenye hesabu. Kitanzi kitupu kinangoja hesabu ibadilike. Kwenye -O0 inabadilika. Kwenye -Os, ngazi ambayo Arduino huitumia bila kuulizwa, kifaa kimeduwaa.

Wengi hapa hurudi -O0 wakalale. (Na kwa chipu hizi hata vichelewesho vya maktaba ya avr-libc haviendi sawasawa bila uboreshaji.) Fundi ninayemsifu anagawa mafaili, nusu -O0, nusu -Os, kisha nusu ya nusu, mpaka kosa linabanwa kwenye faili moja. Anatoa asembli kwa -S, anaisoma mstari kwa mstari. Hesabu imesomwa mara moja tu, na chini yake pamekaa amri ya rjmp inayojirukia yenyewe milele. Kompaila, GCC, haikukosea: ndani ya kitanzi kile hakuna kinachoigusa hesabu, na habari za katizo hakuna aliyeiambia.

Neno volatile kwenye tangazo la hesabu linaponya hilo, na mwenye haraka angefunga kifuniko. Huyu bado ameinama. Hesabu ni ya biti 16, chipu ni ya biti 8, kwa hiyo husomwa vipande viwili. Anazima makatizo, anasoma, anayawasha tena. Asipofanya hivyo, kikombe kikapinduka katikati ya vipande hivyo, hesabu ikitoka 255 kwenda 256 inaweza kusomeka 511. Kwa kikombe cha milimita 0.2, hiyo ni mvua ya milimita 102 badala ya 51, na watu wa Kilembe wataamshwa usiku wapande milimani na watoto kwa mvua ambayo haikunyesha.