Kidole Juu ya Lukasa

Msomaji huuweka ubao juu ya mkono wa kushoto. Ni mbao ya kipande kimoja, nyembamba kiunoni, usoni imejaa shanga na kauri. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinaanza kutembea, polepole. Kikifika kwenye ushanga mkubwa uliozungukwa na vidogo kinatulia: huyo ni mfalme na watu wake. Kikiukuta mstari wa shanga kinaufuata, maana hiyo ni njia, na sauti ya mzee nayo inashika safari.

Hii ndiyo lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba, wenyeji wa Kamina, huko Kongo, na nchi inayoizunguka. Waliojua kuisoma waliitwa bana balute. Walilelewa katika chama cha Mbudye, wakapanda daraja baada ya daraja, na wachache tu ndio waliofika pa kukabidhiwa ubao.

Kisa kikuu wanachokisimulia ni cha mfalme na mgeni. Mfalme Nkongolo alikuwa mkatili, mlevi, anakula mbele ya macho ya kila mtu. Akaja mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwindaji, ambaye hakukubali kula hadharani. Baadaye Nkongolo alimchimbia shimo Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, akalifunika kwa mkeka, akamwita aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mapigo yake, na kijana akapona.

Ninachokipenda ni kwamba msomaji hatoi amri hata moja. Hasemi uwe na kiasi, usiwe mkatili. Anakipeleka kidole kwa Nkongolo, kisha kwa Mbidi, na msikilizaji anaona kila mmoja anavyokula. Tena ubao uleule hausomwi vilevile mara mbili: mzee hutazama aliokaa nao na shauri lililowaleta, ndipo achague njia ya kidole. Aristotle wa Wagiriki alisema mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, kama mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Bana balute wangemwelewa mara moja.

Padre Placide Tempels aliishi Kamina, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kikatoka. Wasomi wakabishana miaka mingi kama falsafa hiyo ipo. Kwangu mimi, aliyeiona lukasa ikisomwa hakuwa na haja ya ubishi huo.

Leo lukasa nyingi ziko Ulaya na Marekani, ndani ya vioo vya makumbusho. Ndugu wa Kamina, kama kwenu yuko mzee anayejua habari za Mbidi Kiluwe, kaa naye jioni hii, umsikilize mpaka amalize.