Mgodi wa Dema: Kishawishi cha Mali katika Safari ya Msafiri

Wengi wanaokihakiki kitabu cha John Bunyan, Safari ya Msafiri (1678), hukimbilia Soko la Ubatili. Huko, wanasema, ndiko imani inakopambana na mali. Mimi siafiki. Katika makala haya nanuia kuonyesha kwamba mtihani mgumu zaidi uko mbele kidogo, kwenye uwanda wa Raha, pale Dema anapowaita wasafiri waje waone mgodi wa fedha. (Majina ya mafumbo nimeyatafsiri mwenyewe.)

Tuanze na soko. Pale haviuzwi vito na mapambo tu. Vinauzwa vyeo, falme, wake, waume, hata roho za watu. Na njia ya kwenda Mji wa Mbinguni inapita katikati yake. Mkristo na Mwaminifu wanaposema wao wananunua kweli tu, wanapigwa na kutiwa kizimbani, kisha Mwaminifu anachomwa moto. Sasa, ndugu msomaji, hicho ni kishawishi au ni mateso? Soko linawatisha kuliko linavyowatamanisha. Anayekupiga, angalau unajua ni adui.

Dema hapigi mtu. Anaita kwa adabu: kazi kidogo tu, utajiri tele. Anapoulizwa kama mahali pale pana hatari, anajibu eti si sana, ila kwa wazembe. Huku uso unamwiva. Tumaini, aliyeongoka kwa kuona kifo cha Mwaminifu, anasema basi twende tukaone. Ni Mkristo anayemzuia. Hapa ndipo nauona ukomavu wa mwandishi: aliyeshinda soko juzi tu anakaribia kushindwa na mwaliko mtamu, na anaokolewa na mwenzake. Imani katika kitabu hiki si ukuta wa mtu mmoja.

Tusimsahau Bwana Nia-Binafsi na rafiki zake Shika-Dunia, Penda-Fedha na Weka-Vyote. Hawa wanauliza: mchungaji akiongeza bidii ya dini ili apate parokia nono, kuna ubaya gani? Hoja yao imepangwa kisomi kabisa, kwani walisoma pamoja kwa mwalimu mmoja katika mji wa Penda-Faida! Mkristo anawajibu kwamba anayeifanya dini kuwa ngazi ya mali yuko kundi moja na Yuda na Simoni mchawi. Leo, mahubiri yanapopima imani ya mtu kwa gari analoendesha, nani atasema mjadala huu umezeeka?

Wapo watakaosema kwamba kitabu hiki, kilichotafsiriwa katika lugha takriban 80 za Afrika, hasa kwa juhudi za wamisionari, kilikuja kumfunza mnyonge aridhike na unyonge wake. Lawama hiyo ina uzito, maana msomaji mwenye shibe anaweza kukitumia hivyo. Lakini tumtazame mwandishi. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba vyungu na masufuria. Alifungwa gerezani Bedford toka 1660 hadi 1672 kwa kuhubiri bila idhini. Angeahidi kunyamaza, angeachiwa. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne, mmoja wao binti kipofu, na humo gerezani alitengeneza kamba za viatu ili wapate kula. Mtu wa namna hiyo hadharau mkate. Anachokikataa ni bei anayotozwa ili aupate.

Kasoro ninayoiona mimi ni ya kifani. Mhusika akishaitwa Penda-Fedha, hukumu imetoka kabla hajafungua mdomo, na msomaji hapati nafasi ya kujiona ndani yake. Bunyan anakaribia kulitambua hilo: Nia-Binafsi anakana jina lake, anadai amebandikwa na wasiompenda. Nani kati yetu asingekana?

Mwisho wao haukuhubiriwa. Walienda kwa Dema alipowaita mara ya kwanza. Kama walitumbukia shimoni au walikosa hewa humo chini, msimuliaji anasema hajui, ila njiani hawakuonekana tena. Kwangu ukimya huo una nguvu kuliko moto wa sokoni. Wenye maoni tofauti walete hoja zao.